Paja la Mwenye Ardhi: Uwindaji na Undugu Kati ya Milima ya Uluguru na Bonde la Ukutu



Mwaka jana tulimzika mzee wetu mmoja, na wengi wenu mlikuwepo. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, shehe amefika, watu wamejipanga. Mara wakatokea wageni watano kutoka huko chini bondeni, wanaume wanne na mama mmoja mtu mzima. Hawakutoa pole. Walichukua makoleo, wakaketi juu ya kifusi, wakasema huyu mzee alikuwa mchoyo na mwoga wa nguruwe, na hazikwi mpaka walipwe. Vijana wetu waliotoka Dar es Salaam walikasirika. Mmoja alishatoa simu apige polisi.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja aliyekuwa amekaa mkekani na akina mama wenzake. Alisema bila hata kusimama: "Waacheni, hao ni watani. Babu yao na babu yenu walikula mnyama mmoja." Fedha zikatolewa, makoleo yakarudishwa, na wale wale waliokuwa wanatukana ndio waliofukia kaburi, na ndio waliokesha nasi hadi siku ya tatu.

Kamati imeniomba niyaeleze maneno ya yule bibi katika kijitabu cha mwaka huu. Najua sababu yake, nanyi mnaijua. Katika mkutano wetu uliopita, mjadala wa bweni la wasichana ulikwama kwenye swali moja: kwa nini sisi wa mlimani tuchange, halafu vitanda vilaliwe na watoto wa vijiji vya chini? Waliouliza si watu wabaya. Wameuliza kwa sababu hawajasimuliwa. Nitasimulia ninachokijua, na mahali pengine nitasema ninavyoona mimi.

Tuanze na nchi yenyewe. Milima yetu inapanda ghafla kutoka tambarare hadi zaidi ya mita 2,600 huko Kimhandu. Upande wetu wa mashariki, toka Kinole na Tegetero hadi Matombo, mvua ni nyingi, na mlima unatoa ndizi, magimbi, maharage na mpunga wa miteremkoni. Lakini nyama ya mlimani ni ndogo ndogo. Msituni kuna mbega na kima, pimbi anayelia usiku kama mtu anayenyongwa, paa, na yule minde mweusi ambaye hata waliozaliwa hapa wengi hawajamwona. Kuna pia nguruwe pori, ambaye kwa mkulima ni adui kabla ya kuwa kitoweo. Mnyama mkubwa, nyati, pofu, tembo, yuko chini: Ukutu, Kisaki, mbuga zinazoteremka hadi Rufiji, na upande wa pili tambarare ya Mkata.

Kwa hiyo mwindaji wa mlimani aliyetaka nyama ya maana alishuka wakati wa kiangazi, nyasi zikishachomwa. Na alikoshuka hakukuwa kwake.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Katika Uluguru ardhi ilikuwa na wenyewe. Kila lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, ulikuwa na eneo lake na mkuu wake aliyerithi jina la waliomtangulia. Ndani ya lukolo kuna matumbo madogo yanayoitwa tombo, maana yake titi, na ndiyo maana wageni hucheka wakisikia jina la Matombo wakidhani ni mawe mawili tu yaliyofanana na maziwa ya mwanamke. Huko chini bondeni nako Wakutu walihesabu ukoo kwa mama, kama sisi. Hukuingia katika nchi ya lukolo la watu na mbwa wako na mikuki yako kama unaingia sokoni. Ulikwenda kwa mwenye ardhi, ukaketi, ukajieleza. Ukipewa njia, ukaua, basi mnyama hakuwa wako peke yako. Wazee wa upande wetu wanasema paja la nyuma lilikuwa la mwenye ardhi. Aliyemchoma mnyama wa kwanza alikuwa na sehemu yake, wa pili na yake, mwenye mbwa na yake, mwenye wavu na yake. Kwa tembo desturi ilikuwa kubwa zaidi, na imeandikwa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki: pembe iliyogusa ardhi anapoanguka ni ya mwenye nchi, na ile ya juu ni ya mwindaji.

Mtu anaweza kusema hiyo ni kodi tu. Mimi sioni hivyo. Kodi hulipwa kisha kila mtu akaenda zake. Paja lilipikwa, likaliwa pamoja na aliyelileta. Mwaka uliofuata mwindaji alirudi kwa mtu yule yule, safari hii na mkungu wa ndizi, tumbaku au maharage mgongoni. Mwaka wa tatu akalala ndani badala ya barazani. Mwaka wa kumi mmoja wao alikuwa na binti na mwingine ana mpwa wa kiume.

Historia iliyoandikwa ina mfano mkubwa wa jambo hili, na haukutokea mbali na kwetu. Katika milima ya Nguu, kaskazini mwa Uluguru, aliishi mwindaji aliyeitwa Mbega. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika kitabu chake Habari za Wakilindi. Mbega alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia, na ndugu zake wakamnyima urithi. Akabaki na mbwa wake na mikuki. Alifanya urafiki na mtoto wa mtawala wa mji wa Kilindi, wakawa hawaachani porini, hadi siku nguruwe alipomuua yule kijana. Mbega hakuweza kurudi kumwambia baba mtu. Alikimbia, akawa anahama pori kwa pori, akiua nguruwe na kuwagawia watu nyama, nao wakimpa vyakula vya shambani. Hivyo ndivyo alivyofika Usambara. Watu waliokula nyama yake wakampa wake, kisha wakampa nchi, na ukoo wa Wakilindi ukatawala kutoka Vugha. Mtu asiye na ukoo aliupata kwa kugawa nyama. Na msisahau kwamba yote yalianza na rafiki aliyekufa mikononi mwake; sehemu hiyo watu huiruka upesi wanapokimbilia kwenye ufalme.

Masimulizi ya Wazaramo nayo yanamtaja Pazi, mwindaji wa tembo aliyetoka upande wa Ukutu, akaitwa na watu wa pwani awasaidie dhidi ya Wakamba, akashinda, akakaa. Kama masimulizi hayo ni ya kweli, basi watu wetu walishuka hadi karibu na bahari wakifuata tembo, na waliobaki huko ni ndugu. Anayetaka ushahidi akamsikilize Mzaramo wa zamani akitaja mtala wake, ukoo wa upande wa baba. Hatapotea njia nyumbani kwetu.

Karne ya 19 ilileta pembe za ndovu kwa njia nyingine, na hapo mambo yakaharibika. Njia ya misafara kutoka pwani ilipita Ukutu, na mji wa Zungomero ukawa kituo cha kupumzika na kuajiri wapagazi. Burton na Speke walifika hapo Julai 1857. Burton aliandika jinsi bonde lilivyokuwa limenyang'anywa: nyumba zimechomwa, watu wametawanyika vichakani, wengine wamekamatwa utumwani. Upande wa Morogoro, Kisabengo, mtu wa Kizigua, alijenga mji wenye ngome, na Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta chini ya binti yake Simbamwene.

Katika miaka kama ile kuwa na mtu wako bondeni ilikuwa kinga ya shingo. Ndiyo maana urafiki wa porini ulifungwa kwa damu. Burton huyo huyo aliandika juu ya kiapo cha udugu kilichoitwa sare miongoni mwa Wazaramo, Wazigua na Wasagara. Wengi wenu mnakijua kwa jina la kuchanjiana: watu wawili huketi wakitazamana, hukatwa chale, kipande cha nyama hupakwa damu ya huyu kikaliwa na yule, huku shahidi akitamka laana itakayompata atakayemsaliti mwenzake. Baada ya hapo mtoto wa mwenzako ni mwanao. Msiba wake ni wako. Na kwa kuwa ni wako bila kuzaliwa naye, unaruhusiwa kumtukana na kumchukulia koleo siku ya maziko. Utani mwingi wa Tanzania huelezwa kwa vita au kwa misafara. Huu wetu na wale watu watano wa makaburini wazee wanaueleza kwa mnyama mmoja aliyegawanywa.

Sasa nieleze jambo la ndani ya nyumba, kwa sababu si kila udugu wa porini ulikuwa wa mbali.

Mnajua kwetu mali hufuata mama. Babu yangu alikuwa na gobori. Tangu baba yangu akiwa mtoto wa kubeba kibuyu cha maji, walikwenda porini pamoja. Baba ndiye aliyejua kusikiliza mbwa, na kutofautisha mlio wa mbwa aliyeona na wa mbwa aliyenusa tu. Babu alipofariki, gobori lilikwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada, ambaye kwa maneno ya baba hakuwahi kulala porini usiku hata mmoja. Hakuna aliyedhulumu. Ndiyo sheria yetu, na gobori lilikuwa la lukolo la babu, siyo la baba. Lakini baba alikaa kimya juu ya jambo hilo mpaka uzeeni. Alichorithi yeye hakikuwa katika mgawo: mtu wa babu kule bondeni. Alishuka peke yake mwaka uliofuata, bila bunduki, akapokelewa kama aliyekuja na baba yake. Mzee yule ndiye aliyemtafutia mama yangu. Kwa hiyo mimi ninayeandika haya, nikihesabiwa kwa mama kama inavyotakiwa, ni mtu wa huko chini. Niliona ni haki mlijue hilo kabla hamjaamua kunisikiliza kuhusu bweni.

Wanaume tukisimulia uwindaji tunasahau kusema nyama ilipikwa wapi. Kijana aliyeoa alikwenda kukaa kwa watu wa mke na kulima kwao, na kitoweo alichokileta kilipita kwanza mikononi mwa mama mkwe. Yeye ndiye aliyejua kama mkwewe ni mtu au ni mdomo mtupu. Bibi zetu walijua pia nyumba gani imepelekewa nyama na nyumba gani imerukwa, na kumbukumbu hiyo ilidumu kuliko ya wawindaji. Haikuwa ajabu kwamba pale makaburini aliyejua ukweli alikuwa mwanamke.

Dini zilipoingia, Uislamu ukipanda kutoka pwani na mapadre wakijenga misheni Morogoro na baadaye Matombo, mtu angetegemea mezani tugawanyike. Kilichotokea kwetu ni kinyume chake. Nguruwe pori alikuwa akimaliza mihogo ya kila mtu bila kuuliza dini. Msako ulipoitishwa, walitoka wote: nyavu zikatandwa mdomoni mwa bonde, mbwa wakavishwa njuga, vijana wakapiga kelele kutoka juu. Mwislamu alikimbiza nguruwe kwa nguvu zile zile, akamchoma mkuki, kisha akanawa na kwenda zake, nyama ikabaki kwa jirani Mkristo. Deni hilo halikusahauliwa. Akipatikana paa, ilikuwa sharti awepo Mwislamu mwenye kisu karibu, amwahi mnyama akiwa hai na kumchinja, ili nyumba zote zile. Ndiyo maana wawindaji wa Kikristo walipenda kutembea na rafiki Mwislamu, naye rafiki alijua kwamba bila yeye nusu ya kijiji italala na mboga za majani. Nawakumbuka wazee wawili wa jinsi hiyo, mmoja wa kanisani na mmoja wa msikitini. Walipozeeka na miguu kukataa kupanda, walikuwa wakikaa chini ya mwembe mmoja wakibishana ni nani aliyekosa mshale mwaka wa njaa.

Watoto nasi tulikuwa na uwindaji wetu, panya buku. Tuliwatega kwenye mashimo ya kando ya mashamba, tukawachoma na kugawana kwa sheria zile zile za wakubwa, pamoja na ugomvi wake. Leo panya hao hao wanafundishwa pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na shirika la APOPO, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake huko Kambodia, ambako aligundua mabomu zaidi ya 70. Nikisoma habari kama hiyo huwa naona haya kidogo.

Uwindaji wenyewe ulifungwa mlango mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1896 gavana Mjerumani von Wissmann alitoa amri ya wanyama pori, iliyodai leseni na kutenga hifadhi za kwanza, mojawapo huko Rufiji. Mwaka 1909 misitu ya juu ya Uluguru ikawa hifadhi ya serikali. Waingereza walikuja na sheria yao mwaka 1921, na mwaka uliofuata pori la kusini likapewa jina la Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 na kuzikwa hapo hapo. Baada ya Uhuru, Mikumi ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, ikafuata Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974. Mwaka 2008 msitu wetu ukawa Hifadhi ya Mazingira Asilia, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Siandiki haya ili turudi porini na nyavu. Msitu ule ndio unaoujaza mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam, mkiwemo ninyi mnaosoma haya mkiwa Mbagala na Tabata. Kijana anayekamatwa leo na nyama ya swala huenda jela, na tumekwisha kuwasindikiza mahakamani wa kutosha. Msasi haogopi mwiba, walisema wahenga, lakini hawakuwa na kosa la uhujumu uchumi kichwani. Huko Ukutu vijiji vimeungana katika jumuiya ya JUKUMU ili wananchi wahifadhi wanyama na kufaidika kwa njia halali. Hiyo naiona ni njia bora, hata kama mgawo wake una mikutano mingi kuliko nyama.

Ninachosema ni kwamba sheria ziliondoa mnyama, hazikuondoa mtu. Bahati mbaya sisi wenyewe tumeanza kumwondoa. Zamani kijana aliwajua watu wa bondeni kwa sababu alishuka kila kiangazi. Sasa hana sababu ya kushuka. Anapanda daladala Morogoro mjini, anarudi Krismasi au Idi, anazika na kuondoka. Mpaka wa kijiji chake unamtosha. Katika mgogoro wa shamba wa miaka michache iliyopita, familia mbili zilipelekana barazani kwa miezi saba, zikatumia fedha kwa nauli na karatasi. Kisha mzee mmoja akagundua kwa kuhesabu majina tu kwamba babu zao walikuwa wamechanjiana, na kwamba eneo lile lilitolewa kwa makubaliano, sharti likiwa mavuno ya kwanza yapelekwe kwa mwenyewe. Mzee huyo amefariki tangu hapo. Sijui mwingine anayeweza kuhesabu kama yeye.

Nirudi kwenye bweni. Wasichana wa vijiji vya chini wanatembea saa tatu hadi shuleni, na wakati wa masika mito ikijaa hawafiki kabisa. Wengine wamepanga vyumba karibu na shule wakiwa na miaka 14, na kila mzazi anajua yanayofuata. Kamati imependekeza vitanda 48, bila kutenga wa juu na wa chini. Nimeona orodha ya majina ya wasichana waliokwisha andikishwa kusubiri nafasi. Nimeipitia pamoja na yule bibi wa makaburini, maana macho yangu yanasoma na kichwa chake kinakumbuka. Katika majina ya vijiji vya chini alisimama kwenye kumi na moja, akataja kila mmoja ni wa nani, na babu yake aliwinda na nani wa huku kwetu. Matatu alisema ni ya nyumba za waliouliza lile swali mkutanoni. Siwataji. Fomu ya mchango iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, na mweka hazina atakuwepo siku ya mkutano tangu asubuhi.

Wale watu watano nao wameleta chao mwezi uliopita: magunia mawili ya mpunga yauzwe, fedha ziingie kwenye mabati. Aliyeyaleta alipokelewa na kijana yule yule aliyetaka kuita polisi. Kabla hajashusha mzigo alimwambia, "Andika vizuri. Andika ni paja."